Kitambaa Kilichoachwa Ndani ya Mshono

Ukiingia soko la Kasulu na kuuliza aliko Philomena, utazungushwa mpaka jua likuchome utosi. Watakupeleka kwa Philomena muuza dagaa, kisha kwa Philomena wa kwaya, na mwisho watakuambia huyo unayemtafuta labda alihamia Kigoma. Lakini uliza aliko Mama Recho, fundi cherehani, hata watoto wadogo watagombania kukushika mkono wakupeleke. Yuko pale barazani, nyuma ya cherehani nyeusi ya kukanyaga, futi shingoni, pini mdomoni, akiongea nazo humohumo mdomoni bila kumeza hata moja. Jina la Philomena lilibaki kwenye kadi ya kura, na mwenyewe wala hakulikumbuka.

Recho hakumzaa. Soko zima lilijua, na soko zima lilikwisha kusahau. Aliyemzaa ni Sophie, shoga yake Philomena wa kufa na kuzikana, waliyejifunza naye kushona kwa masista wakati wote wawili ni wasichana. Asubuhi moja Sophie alikuja na mtoto ambaye ndiyo kwanza anatambaa, akamweka juu ya meza ya kukatia, akasema, "Nishikie huyu, nakwenda Mwanza kufuata vitambaa. Jumamosi nimerudi." Jumamosi hiyo Philomena aliisubiri mpaka mtoto akaota meno, akaanza kukimbia, akaanza shule. Nestori, mume wa Philomena, alifariki akiwa hajapata mtoto wa damu yake, lakini alizikwa akiitwa Baba Recho. Philomena alishona akiwa na mtoto mgongoni, akakata vitambaa akiwa na mtoto mgongoni, na wateja wakazoea kupimwa huku mtoto akiwavuta hereni.

Sasa mtoto huyo alikuwa muuguzi huko Kibondo, na alikuwa anaolewa.

Alikuja Kasulu Ijumaa asubuhi, amebeba mfuko mkubwa, akasimama barazani na kuita kwa Kiha cha nyumbani, "Mwakeye, mama!"

"Mwakeye, mwana wanje. Umekonda! Huko Kibondo hawapiki?"

Recho alicheka, akamwaga mfuko mezani. Kilitoka kitenge cha buluu iliyoiva, chenye maua makubwa ya rangi ya chungwa, na juu yake bunda la lesi ya dhahabu yenye shanga ndogondogo zinazometa. Philomena alikishika kitambaa kwa vidole viwili, akakisugua, akakinusa, maana yeye huiamini pua yake kuliko muuzaji. Kilikuwa kizuri haswa.

"Hii ndiyo sare ya upande wetu kwenye sendofu, siku ya kuniaga," Recho alisema. "Wengine watashona bila lesi. Lesi ni ya mama peke yake, ili wakwe wakiingia ukumbini wajue mama ni yupi bila kuuliza."

Laurent, mchumba wake, alikuwa afisa kilimo aliyehamishiwa Kibondo, kwao Muheza, mkoani Tanga. Recho akaeleza kwamba watu wa Laurent walikuwa wamesema watakuja na mkaja. Kwao mama wa binti huitwa mbele ya watu, mama mkwe akamfunga kitambaa kipya kiunoni, kushukuru tumbo lililozaa na mgongo uliobeba.

Philomena aliweka lesi chini. "Tumbo halikuwa langu, Recho. Unalijua hilo."

"Na mgongo je?" Recho aliuliza. "Mgongo ulikuwa wa nani?"

Nisiwafiche, mama wa watu alilia. Alilia waziwazi, huku mteja mmoja akisubiri suruali yake ipunguzwe urefu, naye mteja akajifanya anaangalia barabara.

Fundi hawezi kujipima mwenyewe, kwa hiyo Recho ndiye aliyechukua futi. Akalizungusha kifuani kwa Philomena, akalizungusha kiunoni, akapiga magoti kupima urefu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Miaka yote hiyo Philomena alikuwa amepima kila mwanamke wa Kasulu, wala hakuna aliyewahi kumpima yeye. Mikono ya mwanawe ilipomzunguka, alifumba macho kidogo.

"Halafu mama," Recho alisema akiwa bado chini, "acha kitambaa kingi ndani ya mishono. Kifuani, kiunoni, kila mahali."

"Nani kakwambia nitanenepa?"

"Sherehe hizi! Utakula pilau la watu wa Tanga, utavimba."

Wakacheka wote wawili. Lakini ombi lenyewe lilikuwa geni kwa fundi huyu. Philomena alijulikana kwa kukata karibu, mshono wake mwembamba, ndani kusafi kama nje. Kuacha minofu ya kitambaa ndani ya gauni aliona ni kazi ya waoga wasioamini mkasi wao. Safari hii alikubali tu, kwa sababu aliyeomba ni Recho.

Alilishona gauni hilo kama anayeshona la kuzikiwa. Kila ua la upande wa kushoto lilikutana na ua la upande wa kulia katikati ya kifua, na mshono ukapotea humo usiuone hata ukivaa miwani. Mikono aliipandisha mabega kidogo. Lesi aliizungusha shingoni, ikashuka kifuani, ikakaza kiuno kama mkanda, na yote aliipachika kwa mkono, shanga kwa shanga, kwa sababu cherehani ingezivunja. Alikuwa na nafasi ya kumaliza mapema, lakini alijichelewesha makusudi. Wateja walinung'unika. Aliwaambia waende kwa mafundi wengine kama wana haraka, na yeye si mtu wa kumwambia mteja hivyo.

Apoline ndiye aliyeliona kwanza. Huyu alikuwa Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, aliyekuja sokoni kila alipopata kibali, na vifungo, zipu na lesi zake kwenye beseni. Alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa maneno mengi.

"Eee, Mama Recho! Hii iko robe ya reine, ya malkia kabisa!" alisema, akaweka beseni chini na kuligeuza gauni ndani nje, maana muuza lesi naye ana jicho lake. "Lakini juu ya nini umeacha kitambaa mingi hivi mu ndani? Wewe haufanyaka vile."

"Recho kasema nitanenepa."

Apoline alimtazama, mwembamba kama alivyo, mabega ya mifupa, akatikisa kichwa. "Wewe? Utanenepea wapi?"

Philomena alimcheka. Baadaye alikumbuka swali hilo na kulichukia, kwa sababu lilikuwa swali ambalo yeye mwenyewe alipaswa kuliuliza.

Siku mbili kabla ya sendofu alipanda basi la asubuhi kwenda Kibondo. Gauni alilifunga kwa khanga mpya, akalipakata njia nzima kama mtoto, na utingo aliyethubutu kusema aliweke juu kwenye mizigo alirudishiwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Njiani alijipangia namna atakavyosimama akifungwa mkaja: aangalie chini au aangalie mbele? Aliamua kuangalia mbele, ili watu wa Muheza wasidhani Waha hawajiamini.

Nyumbani kwa Recho mlango ulikuwa wazi. Kwenye kochi alikaa mwanamke mnene, mweupe wa vipodozi, hina mkononi, miguu juu ya stuli.

"Philo!" mwanamke huyo alipiga kelele. "Philo wangu! Hujabadilika hata kidogo!"

Hakuna mtu duniani aliyemwita Philo isipokuwa mmoja. Philomena akashika mwimo wa mlango.

Sophie alimkumbatia, akamkumbatia tena, akanukia manukato ya Mwanza. Aliongea kama mtu aliyekwenda dukani jana tu akarudi. Alisema Recho alimtafuta mwenyewe kwenye simu, mwaka jana, wakaongea wakalia, na sasa Mungu amewakutanisha. Recho alisimama kwenye mlango wa jikoni na sahani mkononi, macho kwenye sahani.

"Hebu tulione gauni," Sophie alisema, akalichukua kutoka mikononi mwa Philomena, akaingia nalo chumbani.

Philomena alimgeukia Recho. Recho hakuinua macho. Kutoka chumbani ikasikika sauti ya mtu anayehema na zipu inayokwama, kisha Sophie akatoka, gauni limefika nusu ya mgongo, nyama zimejaa pande mbili.

"Umenibana, Philo!" alisema akicheka. "Lakini si Recho aliniambia umeacha kitambaa cha kutosha ndani? Achia tu, shoga yangu. Achia mishono, nitaingia."

Basi hapo Philomena akaelewa yote kwa mara moja. Alielewa kwamba Recho alipokuwa amepiga magoti na futi mkononi, akisema kifuani, kiunoni, kila mahali, alikuwa tayari anaufikiria mwili mwingine. Kitambaa hakikuachwa kwa ajili ya pilau. Kiliachwa kwa ajili ya Sophie.

Recho alimvuta mpaka uani, karibu na pipa la maji.

"Nisikilize kwanza, mama."

"Nakusikiliza."

"Mama yake Laurent aliniuliza siku ya kwanza kabisa, ni nani aliyenizaa. Kwao mkaja ni wa aliyezaa. Ningesemaje? Kwamba niliachwa mezani kama kitambaa cha mteja asiyerudi? Nikasema mama yangu yuko Mwanza, ana duka. Si uongo, mama. Yupo, na duka lipo."

"Na mimi ulisema ni nani?"

Recho alichezea mfuniko wa pipa. "Sikusema."

"Kwa nini ulinipima?" Philomena aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na yeye mwenyewe aliichukia kwa udogo wake. "Kama ni la Sophie, ungeleta vipimo vya Sophie. Ningeshona. Ningekasirika, lakini ningeshona. Kwa nini ulinizungushia futi, ukaniuliza mgongo ulikuwa wa nani?"

"Sikuwa na hakika kama atakuja. Alishawahi kuahidi asifike. Nikasema asipokuja, basi..."

Hakumaliza, lakini sentensi ilikwisha kumaliza kazi yake. Asipokuja, basi wewe. Philomena alikuwa ameachwa ndani ya mshono, akiba, wa kutumika ikihitajika.

Hasira ilimpanda. Alitaka kumzaba kibao binti huyu aliyemwogesha, akatapikiwa naye, akampeleka zahanati usiku na mchana. Alitaka pia kumshika na kumwambia si neno, mwanangu. Hakufanya hata kimoja.

"Niletee wembe," alisema.

Cherehani waliazima kwa jirani, na Philomena alikaa nayo kivulini mchana kutwa. Alikuwa na wembe mkononi, na gauni liko mapajani. Msifikiri hakuwaza. Angeweza kulichana kuanzia shingoni mpaka pindoni, na hakuna mahakama ya wanawake ambayo ingemfunga. Lakini lilikuwa gauni zuri kuliko yote aliyowahi kushona, na halikuwa na kosa lolote. Akafumua mshono mmoja baada ya mwingine, na kitambaa cha akiba kikatoka kingi, cha kutosha kabisa.

Lesi ndiyo iliyokataa. Kitambaa aliambiwa aache, lesi hakuambiwa, naye alikuwa ameikata kwa kipimo cha kiuno chake mwenyewe. Ilipofika kwa Sophie ikapungua, pengo likabaki ubavuni. Alimwambia Sophie kwamba pale ameunga kwa uzi mtupu, asicheze sana.

"Mimi na kucheza!" Sophie alisema. "Utanijua leo?"

Jioni ya sendofu ukumbi ulijaa. Recho alikuwa amemwomba Philomena jambo moja zaidi, na alimwomba akiwa ameshika mikono yake yote miwili: asiende mbali, lolote likiharibika awe karibu. Akakubali. Sijui kwa nini alikubali, na yeye akiulizwa hajui. Alivaa gauni lake la kanisani, kwa sababu kitenge cha sare kilikuwa kimegawiwa chote, na aliketi meza ya nyuma pamoja na wapambaji na mtu wa muziki. Mshereheshaji alipotambulisha watu, alifika mpaka kwenye meza hiyo, akasema, "Na yule pale ni fundi wetu kutoka Kasulu, aliyewapendezesha akina mama. Makofi tafadhali!"

Wakapiga makofi. Philomena alisimama nusu, akakaa.

Kisha wakwe wakaingia na mkaja, wakiimba. Kweli kabisa, hawakuuliza mama ni yupi. Lesi ya dhahabu iliwaka chini ya taa, wakamfuata Sophie moja kwa moja. Sophie alikuwa anacheza, mikono juu, kiuno kinazunguka. Mama yake Laurent, mwanamke mrefu, mtaratibu, alikunjua kitambaa kipya, akakizungusha kiunoni kwa Sophie, akakaza fundo. Uzi mtupu ukakatika. Lesi ikachomoka ubavuni, ikaning'inia mpaka magotini, shanga zikaanza kumwagika sakafuni.

"Mama!" Recho alipiga kelele. "Mama, njoo na sindano!"

Hakumwangalia Sophie. Alikuwa ameangalia meza ya nyuma, kama alivyoangalia tangu anajifunza kuongea, kila kilipochanika kitu.

Moyo wa Philomena uliruka. Ameniita, aliwaza. Mbele ya wote, ameniita. Alipita katikati ya meza, sindano tayari imetungwa uzi, na watu wakampisha. Alipiga magoti ubavuni kwa Sophie, akaishika lesi na kuanza kushona, pua yake imegusa mkaja mpya, unaonukia duka.

Mama yake Laurent hakuwa mjinga. Alimtazama aliyepiga magoti, akamtazama Sophie, kisha akamgeukia Recho. Muziki ulikuwa umepunguzwa.

"Mwanangu, umemwita mama?"

Philomena alisimamisha sindano. Neno moja tu lilikuwa linahitajika, na hata lingekuja kwa kunong'ona lingetosha. Hakutaka mkaja. Hakutaka gauni. Alitaka Recho aseme ndiyo.

Recho alitabasamu, tabasamu la muuguzi anayemwambia mgonjwa sindano haiumi. "Ah, mama, huku kwetu mtu mzima yeyote tunamwita mama."

Mama yake Laurent alikubali kwa kichwa. Hata kwao ndivyo wanavyoita.

Philomena alimaliza mishono iliyobaki, wala hakuharakisha. Alifunga fundo, akainama, akaukata uzi kwa meno, midomo yake karibu kabisa na ubavu wa Sophie. Akasimama, akakung'uta magoti, na kwa sauti ya kusikika mpaka kwa bibi harusi akamwambia Sophie, "Tayari, Mama Recho."

Recho aliinua mkono kidogo, kama anayetaka kushika kitu. Philomena alikwisha geuka. Muziki uliwashwa tena.

Siku ya soko iliyofuata, Apoline alifika na beseni lake kichwani, tangu mbali anapunga mkono. Alimkuta fundi amekaa kwenye cherehani kama kawaida, anapunguza suruali ya mtu, mshono mwembamba, ndani kusafi kama nje.

"Mama Recho! Mama Recho, niambie mariage ya mtoto, ile harusi, ilienda namna gani! Robe iliwafurahisha?"

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Niite Philomena," alisema.

Apoline alishusha beseni. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akachungulia hata nyuma ya pazia, labda kuna mtu mwingine.

"Philomena?" aliuliza. "Ni nani huyo?"